Kukabidhi Zamu

Saa moja na nusu, Haikaeli. Kaa kwanza.
Daftari lina nafasi ya joto na mapigo ya moyo,
mengine nitakwambia kwa mdomo.

Alasiri mlima ulijifunua, upande wa Kibosho,
wagonjwa wa dirishani wakautazama kama mgeni aliyechelewa,
kisha ukajifunika. Mvua itakuja na usiku.
Ndoo iko chini ya bati linalovuja. Hiyo nayo ni ripoti.

Kitanda cha kwanza, bibi wa Uru:
mkanda wa jeshi umemzunguka ubavu, mshipi wa moto.
Hataki shuka limguse. Usimlazimishe.
Vuta pazia, mzibie upepo,
na ukimpaka dawa, paka
kama unayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu.

Cha pili ni kitupu. Amekwenda kwao Pasua kwa miguu yake,
mkungu alioletewa akatuachia sisi.
Umo kabatini, umeshaanza kuiva kwa fujo.

Wa tatu bado ana utando mweupe mdomoni.
Mtori upoe mpaka uwe vuguvugu.
Kijiko kidogo, subiri ameze.
Kijiko kidogo, subiri.
Atakwambia ameshiba. Mwongo. Subiri.

Sasa cha nne.

Najua jina lake umeliandika kwa penseli
na majina ya wenzake kwa wino.
Najua juzi alipopaliwa na kikohozi
sindano iligeuka mkononi mwako,
tone likatokeza, dogo kama punje ya ulezi,
ukasimama kwenye bomba
ukiosha, ukiosha, hadi kipande cha sabuni kikaisha.

Leo umemeza siku ya tatu. Zimebaki ishirini na tano.
Ninahesabu pamoja nawe ingawa hukuniomba.

Yangu ilinichoma mwaka ambao kabatini
kulikuwa na dawa ya zambarau, maji, na mikono yetu.
Hapakuwa na cha kumeza. Nilingoja miezi mitatu.
Nilifua nguo zangu peke yake.
Kikombe changu nilikificha nyuma ya debe la unga
watoto wasikifikie;
mimi, niliyeshinda mchana kutwa nikiwaambia watu
kikombe hakiambukizi!
Hofu haijasoma, mwanangu. Hata ukiivalisha gwanda jeupe.

Sasa msikilize Bwana Kiwelu, yule wa viatu vya mitumba pale Memorial.
Askari wa mwili wake walipohesabiwa
walikuwa thelathini na mmoja,
mwili mzima kama kijiji siku ya gulio, milango wazi, wenyewe hawapo.
Wiki ya tatu hii amerudia dawa. Watarudi, polepole, na mizigo yao.
Lakini tangu juzi anakohoa ndani ya mto.
Ukimsogelea ananyoosha mkono, anaukaza kama ubao,
anaacha kupumua mpaka uondoke.
Maji haombi tena.
Leo akaniuliza, macho yako ukutani:
"Yule binti mwenye kicheko, nimemuua?"

Nikamwambia hapana.
Jibu langu halikumtosha. Jibu lake unalo wewe.

Sikuamuru. Ukitaka nibadilishane na Sifaeli wa wodi ya wazazi,
sema sasa, sitakuuliza kwa nini.

Jambo jingine, halafu nikimbilie nyumbani kabla ya mvua.
Kopo lako umelijaza pamba lisilie kwenye pochi.
Wagonjwa wetu ndivyo wafanyavyo wakienda kanisani,
wakienda kwenye vikoba, wakilala kwa mawifi.
Sikulaumu, pamba yenyewe nawapa mimi.
Ila humu ndani, ikifika saa tatu, liache lilie.
Na lake liko pale juu ya stuli; saa zenu ni moja.
Glasi nimeweka mbili. Nimeziosha kwenye beseni moja.

Funguo hizi. Ya kabati la dawa ni ile yenye uzi mwekundu,
huwa inakwama, inyanyue kidogo ndipo uzungushe.

Na ndoo. Usiisahau ndoo.