Chupa ya Rangi ya Chai

Shangazi Atupakisye hakunywa pombe,
hata togwa iliyolala aliisukuma pembeni,
lakini kila mwisho wa mwezi alinituma kwa Mwaipyana
nikamletee konyagi, chupa ndogo,
niifunge gazetini, nipitie nyuma ya shule.
Tukuyu haina siri. Mvua ikinyesha
hata tope humtaja aliyepita.

Chumba chake kilitazama kusini,
upande ambao jua hubisha hodi na kuondoka.
Humo mlikuwa na kabati la mninga, kufuli,
na chupa za rangi ya chai ya rangi
zimesimama kwa safu kama kwaya iliyosubiri noti.
Sheria zake nilizijua kabla ya kujua kusoma:
kahawa inywewe uani,
aliyejipaka dawa ya kifua asisogee,
kafuri isivuke kizingiti,
na ncha ya dropa isiguse ulimi wa mtu,
"maana ulimi una mengi."

Alichemsha chupa, akazipindua juu ya kitambaa cheupe.
Siku moja nilimletea maji ya betri.
Alinitazama kama aliyeona nyoka kwenye unga.
"Ya sindano! Ya duka la dawa, Soweto, Mbeya!"
Nikapanda gari tena, na ukungu.

Kisha tone moja la dawa, na maji tone tisini na tisa,
anahesabu kwa Kinyakyusa, midomo haitoi sauti.
Anafunga kizibo. Anaigonga chupa
kwenye soli ya kiatu cha marehemu mumewe,
cha kushoto, cha ngozi, kinachopakwa rangi kila Jumamosi
ingawa hakuna wa kukivaa.
Ta. Ta. Ta. Mara kumi.
Anachota tone moja humo, anaanza upya.
Nililala mara nyingi kwa mgongano huo,
nikidhani kuna mtu anatembea sebuleni.

Mwenye homa alimrudisha mlangoni:
"Kapime damu kwanza. Mbu hambembelezwi."

Wazee wa kanisa wakaja, watatu, miavuli ikichuruzika.
Konyagi imesikika hadi madhabahuni.
Aliwaketisha, akaleta vijiko,
maji kidogo, tone moja moja.
"Mkilewa, nitatubu Jumapili mbele ya watu."
Walikaa saa nzima wakisubiri kulewa.
Mzee Mwasomola ndiye aliyevunja kimya:
je, ile ya magoti ipo?

Kidato cha nne nilirudi na kemia kichwani.
Nilimpigia hesabu mezani, sifuri kwa sifuri,
mpaka penseli ikakatika:
ukifika mara ya kumi na mbili, shangazi,
ndani hamna kitu. Ni maji na pombe.
Alikuwa akiandika lebo, hakuinua kichwa.
"Kama hamna kitu," akasema,
"basi usikimwage."

Julai iliyopita, baridi ya kuuma meno,
tukamzika upande wa migomba.
Wenzangu waligawana vitenge, redio, ng'ombe mmoja.
Mimi nikapewa ufunguo mdogo
na kiatu ambacho hakuna aliyekitaka.

Chupa ya tatu kutoka kushoto ilikuwa na mwandiko wake:
Lugano, kikohozi cha usiku. Ikifika theluthi, jaza.
Ilikuwa imefika theluthi.

Jana nilikwenda kwa Mwaipyana mchana kweupe,
konyagi mkononi, bila gazeti.
Nikapima: ya konyagi kidogo, isioze;
maji ya sindano yaliyobaki, mpaka shingoni,
nikaacha nafasi ya kutikisika.
Nikaweka kiatu pajani.
Ta. Ta.
Katikati nikapotewa na hesabu,
nikaanza tena kwa lugha yake.

Sikohoi. Siamini, na penseli bado ninayo.
Nimeandika tarehe tu chini ya tarehe zake,
nikairudisha ilipokuwa,
mbali na dirisha,
kisha nikaenda kunywa kahawa
uani.