Hali ya Hewa ya Cork

Ananipigia Jumapili, kabla ya saa mbili asubuhi,
Skaidrīte wa ghorofa ya nne, ambaye hapigi simu
ila bomba likipasuka.
"Raivi, kimeganda tena."
Liepāja nzima imeganda, namwambia. Mfereji umeganda,
tramu imeganda pale kwenye kona ya kiwanda.
"Sicheki," anasema. "Panda."

Napanda na soksi mbili mbili miguuni.
Chai nyeusi, mkate mweusi, jibini yenye kisibiti.
Kompyuta imekaa juu ya cherehani.
Nabofya kivinjari: dirisha linafunguka jeupe,
jeupe kama uwanja ambao theluji yake haijakanyagwa,
na kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kama mtu aliyesahau alichoingilia jikoni.

Nafanya wanayofanya mafundi wote:
nakizima, nakiwasha, nahesabu hadi mia.
Nakiua. Kina roho ya paka; nakiua tena.
Nakiwasha bila viendelezi. Kimya.
Nafuta akiba ya kurasa. Kimya.
Naondoa fonti za Krismasi alizopewa na wenzake wa kwaya. Kimya.
Nalaumu kizuia virusi, kisha nakiomba radhi.
Skaidrīte anamenya viazi, haniangalii.
Ni heshima yake hiyo.

Mwisho nakitengenezea wasifu mpya, mtupu:
kinafunguka kabla sijainua kidole.
"Tazama!"
Anafuta mikono kwenye aproni, anatazama.
Hakuna alamisho, hakuna nywila, hakuna Cork.
"Kizuri," anasema, "ila si changu.
Umenipa nyumba ya jirani."

Basi ugonjwa umo nyumbani mwake mwenyewe.
Naingia kwenye mafaili, napapasa,
nakuta moja limevimba,
lile linalokumbuka vichupo vilivyoachwa wazi
ili leo ianzie pale jana ilipoishia.
Nalipasua. Nasoma.

Cork, nyuzi 9, mvua.
Cork, nyuzi 11, mawingu.
Cork, nyuzi 4, upepo, mvua.
Cork, nyuzi 9, mvua.

Vichupo elfu moja mia moja arobaini na kimoja.
Kila asubuhi, tangu Agrita aende Ayalandi kufungasha uyoga,
mama yake amefungua kichupo kipya,
ameangalia kama mwanawe atahitaji mwavuli,
na hajakifunga.
"Kufunga ni kufukuza," anasema, akikiambia kiazi.

Miaka mitatu na ushei ya asubuhi
imesongamana kizingitini, yote inataka kuingia kwa pamoja.

Bado kuna la pili, na sijui nilianzie wapi:
kwamba hata vyote vingeingia,
kila kimoja kingejipakia upya
na kuonyesha hali ya hewa ya leo.
Leo, mara elfu moja mia moja arobaini na moja.
Namwambia hivyo hivyo.
Kisu kinasimama.
"Hata ile ya theluji? Ya Machi, alipolazwa?"
"Hata ile."

Naitafuta. Ukurasa haupo; jina lake lipo, mstari mmoja:
Cork, nyuzi 0, theluji.
Jina halijipakii upya.
Jina limekaa kama lilivyoandikwa siku ile.

Nanakili majina yote kwenye faili la maandishi matupu,
mistari elfu na kitu,
jepesi kuliko picha moja ya paka.
"Tuliiteje?" nauliza.
Anachapa mwenyewe, kwa kidole kimoja: Agrita.
Kisha nalifuta lile lililovimba,
na kivinjari, chake, chenye alamisho zake zote,
kinafunguka kwa pumzi moja.

Anafungua Cork. Nyuzi 8, mvua.
Anaisoma mara mbili, midomo ikicheza.
Kesho yake, najua, atafungua kingine.
Mkono wake unakwenda kwenye kile kialama cha kufungia,
unakaa hapo, unarudi kwenye viazi.

Nahesabu kimoyomoyo: kwa mwendo huu
kitaganda tena baada ya miaka mitatu.
Simwambii.
Naomba jibini.