Nafasi Tatu Tupu

"Vua sweta," alisema Anyosisye,
salamu yenyewe haijaisha.
Mwezi wa sita, Mwanjelwa, saa mbili asubuhi,
baridi ya Loleza imeingia dukani bila hodi,
nami nivue sweta la sufu alilonifumia mama.
"Lina radi ndogondogo hilo. Wewe hazikuui.
Zinaua hizi."
Akanishikisha kwanza fremu ya mlango, chuma kitupu,
kama mtu anayenawishwa mikono kabla ya kula.

Kisha akazitoa mbili, kila moja na mfuko wake wa kijivu.

Ubao mama, ndivyo kilivyosema kitabu cha chuo.
Mtaani ni madabodi.
Anyosisye husema mama tu:
"Mama huchaguliwa kwanza. Waliobaki ni watoto,
watakaa atakapowaketisha."
Mimi nilikuja kinyumenyume.
Prosesa ninayo tayari, nimeifunga kwenye leso kama ada ya shule,
nilimuuzisha kijana mmoja aliyekuwa anahamia Dodoma.
Pini zake zaidi ya elfu, nyembamba kuliko ndevu za ngano.
Sasa natafuta mama wa kumfaa mtoto niliyekwisha mzaa.

Wa kwanza alikuwa mrembo, nisiseme uongo.
Taa pembeni, chuma cha kuchonga mabegani,
antena mbili zimesimama kama masikio ya sungura.
Nafasi za ramu, mbili.
Bei yake niliisikia magotini.

Wa pili rangi ya masizi.
Hana taa, hana antena,
vumbi la nyumba ya mtu mwingine limelala kwenye tundu la waya wa mtandao,
na kibetri chake cha saa kimekufa zamani:
kwake yeye bado ni mwaka ule aliotengenezwa.
Nafasi za ramu, nne.

Ramu niliyokuwa nayo, moja.

Niliinama nikamtazama kwa karibu.
Vijia vya shaba vimepita chini ya rangi, vinakwepana bila ugomvi,
kama vijia vya mashamba ya viazi kule kwetu Isyonje,
kila kimoja kinajua kinakwenda kwa nani.
Mimi huchora ramani za nyumba za watu.
Kompyuta niliyonayo huchora ukuta mmoja, ikapumzika,
nikachemsha chai, nikanywa, nikarudi, dirisha bado halijafika.

Simu ikalia. Mama. Magunia matatu ya viazi ameyauza kwa ajili ya safari hii.
"Huyo mama mwenzangu ni bei gani?"
Nikamtajia wa masizi.
"Na yule mwingine?"
Nikamtajia.
Akanyamaza kidogo.
"Huyo wa pili anajua kulima?"

Nyumbani mama hakupika kwa kuhesabu vichwa.
Tulikuwa wanne, sufuria ya watu saba.
Na akija mtu?
Mara nyingi hakuja mtu.
Tukala kiporo asubuhi, viazi vya baridi na chumvi,
nami nilikasirika, nikaapa kwangu nitapima kwa kikombe.

"Nipe wa masizi," nikasema.

Anyosisye hakuniapia chochote.
"Mtumba huu. Dhamana wiki mbili. Kibetri kipya nakupa bure."
Pengine nimekosea.
Pengine atazeeka kabla viti vile vitatu havijapata wa kuvikalia.

Usiku, Iyunga, mezani.
Prosesa ikazama mahali pake bila kusukumwa.
Ramu nikaiketisha nafasi ya pili, ndivyo maelekezo yanavyotaka;
moja, tatu na nne zikabaki wazi.
Nikanyoosha kidole kwenye swichi,
na umeme wa mtaa mzima ukakatika.

Nilicheka peke yangu gizani.
Kisha nikavaa sweta langu,
nikasogeza kiti hadi ukuta wa pili,
mbali naye,
nikasubiri.