Zofia wa Baridi

Wrocław nilikozaliwa, mwanzo wa Mei
mplamu wa jirani umekwisha pukutisha maua,
na mama yangu yuko nje, mikono mitupu,
anafukia miche ya nyanya bila kumuuliza mtu.
Nilikuja Suwałki na desturi hiyo sandukuni,
pamoja na sufuria mbili na koti jepesi.

Mama mkwe, Wacława, alinitazama nikichimba.
"Subiri Zofia apite," alisema.
Nikadhani ni mgeni. Nikateleka chai.

Sikujua kwamba Mei ya huku ina wenyewe:
Pankracy, Serwacy, Bonifacy,
watakatifu wa kalenda wenye pumzi ya barafu,
tarehe kumi na mbili, na tatu, na nne,
na nyuma yao, kumi na tano, huyo Zofia,
anayefunga mlango kwa kisigino.

Usiku wa Serwacy mbingu ilitakata.
Hapakuwa na upepo, hapakuwa na wingu,
nikasema, usiku mzuri ulioje.
Asubuhi nyanya zangu thelathini na sita
zilikuwa zimelala kama mboga iliyochemshwa ikasahauliwa,
nyeusi, teketeke.
Wacława hakusema "nilikuambia."
Alileta ndoo, tukaokota.
Hilo liliniuma kuliko jalidi.

Sasa daftari lake ninalo mimi.
Jalada la plastiki, kurasa zanuka kitunguu.
Kila mwaka mstari mmoja, kwa penseli:
*Themanini na saba: tarehe ishirini na tatu. Hakikubaki kitu.*
*Tisini na tatu: haikuja. Nimesubiri kama mjinga.*
*Mwaka wa harusi ya Ludomir: tarehe nne Juni. Juni!*
Na pembeni, chini ya hesabu ya matango:
*Mkwe kapanda mapema. Mkono wake mzuri. Subira hana.*
Huo nimeusoma mara nyingi.

Redio inasema majira yamehama,
kwamba ukanda wetu umepakwa rangi mpya kwenye ramani,
tunaweza kuanza wiki mbili kabla.
Jirani Zenobiusz ameamini, maboga yake yako nje tangu Aprili.
Labda ni kweli. Mplamu wetu nao umewahi,
lakini huko kuwahi ndiko kunakouponza:
ua likishafunguka halina pa kurudi.
Na bustani hii iko bondeni, kando ya mto,
na baridi, kama maji, hutafuta pa kushukia.
Aliyepaka ile ramani hajalala hapa.

Leo tarehe kumi na tisa. Miche nimeipanda jana,
kwa adabu zote, Zofia akiwa amekwenda zake.
Saa nne usiku natoka nje.
Hakuna upepo. Hakuna wingu.
Nyota zimejaa hadi zinaudhi.
Nachukua mashuka, pazia la jikoni,
ndoo tatu, sanduku lile lile nililokuja nalo.
Ludomir yuko dirishani, anacheka:
"Zofia si alishapita?"
"Huenda kasahau kitu," namjibu, "akarudi kukichukua."

Mistari miwili ya pilipili imebaki wazi.
Nimesimama, nahesabu nguo zilizomo ndani,
mlango unalia,
naye anatoka na blanketi letu la kulalia,
analiburuta kwenye nyasi, hacheki tena.
Tutalala na makoti.