Geuza, Mbodze

Sarafu ya kwanza niliiua kwa ndimu.
Niliikuta mezani, kijani kama ukoga wa mtungi,
nikaibeba pamoja na vijiko,
nikaisugua kwa ndimu na majivu
mpaka ikang'aa kama jino la bandia.
Mzee Etore akaja na kikombe chake cha kahawa,
akaitazama, akakaa chini.
Hakunigombeza. Alisema tu:
"Miaka elfu moja na mia saba, Mbodze.
Umemwosha Kaisari mpaka uso umefutika."

Nilijua mshahara umekatwa.
Kesho yake akaniita barazani,
akafungua mkebe wa biskuti,
akanipa kioo cha kukuzia.
"Usianze na kichwa. Kichwa kinajisifu tu.
Geuza."

Nikageuza.
Mwanamke kasimama, mizani mkononi.
Nikasema: huyu ni Mama Nyamvula wa soko la zamani,
apima dagaa huku kidole kimelalia sahani.
Mzee akacheka hadi akakohoa.
"Huyo ni Haki," akasema.
"Ndiyo, hata Mama Nyamvula hujiita hivyo."

Geuza.
Mnyama ananyonyesha watoto wawili.
Mimi nikasema fisi, yeye akasema mbwa mwitu.
Kwetu Ganze fisi akimkaribia mtoto
hakuna anayekaa kuchora,
watu hupiga madebe.

Yeye alijua maandishi, mimi nilijua kanga:
picha katikati, jina ukingoni,
na anayesemwa si lazima atajwe.
Kaisari hawezi kubisha hodi kila kijiji,
basi huituma shaba,
iingie dukani, kambini, kilabuni,
ilale kwenye pindo la nguo ya mjane,
na kila ikitolewa iseme:
mimi nimeshinda, nyinyi mmeshiba.

Halafu ile ya mikono miwili iliyoshikana.
Hiyo sikuuliza.
Niliijua tangu mwaka wa njaa,
ilichorwa kwenye madebe ya mafuta ya msaada.
Tuliyakunjua madebe tukaezekea choo,
na mikono ile ikashikana miaka kumi,
mvua yake, jua lake,
wala sikuona waliopatana.
"Ni Mapatano," mzee akasema. "Mapatano ya majeshi."
"Walikuwa wamepatana?"
"Walikuwa wanachinjana."

Hapo nikaanza kuelewa.
Mwenye shibe haandiki Shibe juu ya shaba.

Alipofariki, binti yake alikuja siku nne,
akauza nyumba, vitanda, hata mapazia.
Mkebe akaniachia: hizi hazina bei.
Nikazipeleka kwa sonara.
Hakugeuza hata moja.
Alizimwaga kwenye mizani kama njugu,
nami nikakiona kidole chake kimelala pale pale
nilipokizoea.
Nikazizoa, nikarudi nazo Muyeye kwa miguu.

Sasa mjukuu wangu Kache huzipanga mkekani,
kisha huzipanga za kwake kando:
twiga, kifaru, simba, tembo.
"Bibi, na hawa wanasema nini?"
Namwambia zamani palikuwa na vichwa hapo.
Namwambia kuhusu tembo:
juzi wa kweli kaingia shamba la dada yangu,
kala muhogo mpaka mche wa mwisho,
na fidia bado iko Nairobi inaandikwa.
Kache anamtazama tembo wa shilingi ishirini,
mkonga juu, mnene, hana deni.
Anamgeuza bila kuambiwa.

Ile niliyoiua imo kwenye pindo langu.
Haina uso, haina jina, sonara hangeitaka.
Stima ikikatika naishika gizani
na kidole gumba kinazunguka, kinazunguka,
kinakuta kitu kidogo ambacho ndimu haikukifikia:
labda mkunjo wa nguo, labda mguu,
wa nani sijui,
umeinuliwa, haujatua.