Kocha wa Viungo

Shangazi Nyamizi aliposikia nasomea viungo
aliuliza kama ni iliki au mdalasini,
na kama chuo kizima kinanukia pilau.
Nikamwambia: viungo vya mwili, shangazi. Nyonga, goti, bega.
Akaitazama miguu yangu, vijiti viwili vya mishikaki,
akasema, "Basi wakuanzie wewe."

Mwaka wa pili sasa.
Chumba chetu cha vyuma kilikuwa bohari ya tumbaku;
ukihema kwa nguvu, harufu yake bado inatoka ukutani.
Mataimbo mawili ya reli, makopo ya rangi yaliyomiminwa zege,
uzito umeandikwa kwa chaki: kumi, ishirini, ishirini na kitu.
Mwalimu Lugembe hupita nyuma yetu na filimbi asiyoipuliza.
"Chuma hakina haraka," husema. "Haraka ni yako."
Anatufundisha kuchuchumaa, sisi tuliokulia vigodani.
Anatufundisha kwamba msuli haukui ukiwa kazini;
hukua usiku, mwenyewe amelala.
Hilo nililipigia mstari mara mbili.

Maana nyumbani, Isevya,
baba yangu anapakua mabehewa.
Saruji ya Dar, chumvi ya Uvinza, mahindi ya Mpanda:
Tabora reli hukutana, wanasema.
Hukutana mgongoni kwake.

Jumapili moja nilimkalia na kalamu
nikamuuliza kama fomu inavyouliza.
Unanyanyua kilo ngapi? "Hamsini."
Marudio mangapi? "Mpaka behewa liishe."
Mapumziko kati ya seti?
Akacheka hadi akashika kiuno,
kicheko kikaisha, kiuno akabaki amekishika.

Nikamwonyesha. Gunia la pumba, uani, kuku wakitazama.
Kifua mbele, baba. Sukuma ardhi kwa visigino.
Usiuinamie mzigo kama anayemwamkia mkwe.
Akafanya mara moja,
vizuri kuliko darasa letu zima,
kisha akalitua, akajifuta viganja.
"Hivi inafaa," akasema, "ukiwa na gunia moja."

Nilimwandikia programu ya wiki sita.
Nikafuta, nikaandika, nikafuta.
Wiki ya kwanza: kupumzika.
Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati,
pale anapotunza risiti za ada yangu.

Muhula mmoja ni magunia mangapi?
Nilijikuta napiga hesabu hiyo pembeni mwa karatasi ya mtihani,
swali la nne: eleza nguvu inayokandamiza
pingili za chini za uti wa mgongo.
Nilieleza. Nikachora na mishale.
Nikapata tisini na moja.
Sijamwonyesha.

Jana, saa nane za usiku, honi.
Mlango ukafunguliwa polepole, kwa adabu
ya mtu asiyetaka kumwamsha mwanafunzi.
Nilikuwa macho.
Upepo ukikaa vizuri, kutoka kwetu hadi stesheni
gunia likitua unalisikia: du.
Nikahesabu kama nilivyofundishwa, bila kuruka.
Moja. Mbili. Tatu.
Kwenye arobaini nikakumbuka kwamba si yote ni yake,
zamu ile wako kumi na wawili.
Nikaendelea kuyahesabu yote.