Tundu la Milimita Moja

Alhamisi, saa nne asubuhi, Sohar.
Nje joto limeshapita arubaini na tatu,
humu ndani tunavaa sweta.
Mtambo unapumua pumzi zake za argoni
na risasi inapanda.
Sampuli ya tano, inapanda. Ya sita, inapanda.
Ya saba ni maji matupu, nimeyachuja mwenyewe,
nayo ati yana risasi.

Hapo ndipo unapojua: si maji. Ni sisi.

Nazima. Ule moto wa zambarau
unajikunja mara moja, haupo.
Muhannad ananiangalia: wateja je?
Wateja wangoje. Chuma hakivuliwi kikiwa moto.

Mama alikuwa na stovu, Ruwi, tulipohamia,
nami mtoto wa miaka minne, Kiarabu sikijui.
Likiziba hulichokoa kwa sindano,
akapuliza, akawasha,
moto ukiwa wa buluu anasema: ehe.
Mkono wangu bado unaitafuta ile sindano.
Lakini kipuliza hiki hakichokolewi, Muhannad,
hata kwa unywele. Weka chini.
Kisukume maji kwa nyuma, polepole,
hadi kile kilichokwama kitoke kilikoingilia.

Koni ni mbili, za nikeli.
Ya nje ina tundu la milimita moja,
na kila kisima cha mkoa huu
kimepita hapo kikiwa mvuke.
Ya ndani ina ncha. Usiiguse ncha.
Ukiigusa tu imekwisha,
na bei yake nitakutajia ukishakula.

Naigeuza kwenye mwanga. Duara la kijivu,
ndani yake duara jeupe, kisha weusi kidogo.
Jeupe ni Jumatatu, maji ya chumvi ya kiwanda.
Weusi ni sharubati ya tende, niliwaambia waizimue.
Kijivu ni Jumanne: mavi ya shaba kutoka mlimani,
waliyoyamwaga wachomaji wa kale
wasijue kuna siku mtu atayahesabu.
Na risasi imo humo, imejibanza,
inadondoka kidogo kidogo ndani ya maji ya watu.

Sabuni. Asidi hafifu, dakika tano.
Pamba ya masikio, unga wa kung'arishia,
duara, duara, kutoka tunduni kwenda nje.
Suuza. Suuza tena. Usifute, iache ikauke.
Kioo cha akiba kimelala tangu jana
ndani ya maji ya kifalme, yale yanayokula dhahabu.
Masizi yametoka. Ukungu umebaki.
Muhannad anataka kukirudisha kikaloweke.
Huo si uchafu, mwanangu.
Chumvi imeshakuwa kioo, na kioo kimekuwa chumvi.
Kitafaa miezi miwili mingine. Kifunge.

Sampuli ya nne imo ndani ya chupa ya Vimto.
Ameileta Rayya wa Wadi Jizzi, kwa teksi,
chupa kaiosha mara tatu na bado inanukia Ramadhani.
Mjukuu wake ameanza kunywa maji.
Risasi: neno lile lile, Kiarabu na Kiswahili,
la bunduki na la kisima.
Mara ya kwanza namba yake ilikuwa mbaya.
Nilikuwa nimeshashika simu.

Washa. Cheche, cheche, kimya,
halafu ule mngurumo, na zambarau inasimama.
Ehe.
Maji matupu: sifuri. Tena: sifuri.
Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu inachelewa, bomba lina kiputo,
nakigonga kwa ukucha.
Ya nne.
Naisoma mara tatu. Naiandika kwa penseli, kisha kwa wino.

Anapokea kabla simu haijalia vizuri.
Namwambia: maji yako hayana neno.
Kimya kidogo, mtoto analia nyuma yake.
"Na chupa," anauliza, "mtanirudishia?"